Alfa Romeo 2000 GTV ya 1972 imewaka vizuri: je, inatosha kuinunua?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Bologna mwaka wa kumi na tatu sasa. Nimeonyeshwa Alfa Romeo 2000 GTV ya mwaka 1972 karibu na Torino, rangi ya manjano wanayoiita Giallo Ocra. Mzee aliyelinunua likiwa jipya amefariki, anayeuza ni binti yake. Anasema rangi ni ya kiwandani, kilometa ni 84,000, na limelala gereji miaka tisa. Aliliwasha mbele yangu, likashika mara ya tatu na injini ikanguruma safi kabisa. Nimelipenda mno. Je, injini ikiwaka hivyo inatosha? Naweza kuliendesha mwenyewe hadi Bologna? Na siku moja nikirudi nyumbani, nitaweza kwenda nalo Mombasa?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Gari hili limewakimbiza wengi moyo, usijione uko peke yako. Lakini kabla ya mengine yote, mpigie huyo dada leo umwombe asiliwashe tena. Najua alikuwa na nia njema, alitaka uone kwamba ni zima. Injini iliyolala miaka tisa kuta zake za silinda zimekauka oili, petroli iliyobaki kwenye tanki imegeuka gundi, na maji ya rejeta yamekuwa yakiila alumini polepole. Katika Alfa hii bloku ni ya alumini, silinda hedi ni ya alumini, na mikebe ya silinda ya chuma imetumbukizwa ndani ikizungukwa na maji moja kwa moja. Chini ya kila mkebe kuna mpira mwembamba unaozuia maji yasishukie kwenye oili. Mpira huo ukikauka halafu injini ikapashwa moto ghafla, maji hupata njia. Kila anapoliwasha kumfurahisha mnunuzi anajitia hasara yeye, na kesho utaibeba wewe.

Sasa swali lako lenyewe. Kuwaka vizuri hakutoshi, na mimi ningeiweka injini mwisho kabisa kwenye orodha. Injini hii ya kamshafti mbili juu (mihimili inayofungua vali) Alfa waliianza na Giulietta ya mwaka 1954 wakaendelea kuikuza, na hii yako ya sentimita za ujazo 1,962 ndiyo kubwa kuliko zote zilizowekwa kwenye magari ya barabarani ya umbo hili. Vipuri vyake vinatengenezwa hadi leo, na hapa Italia mafundi wanaoijua hawajaisha. Injini mbovu ni gharama unayoweza kuipigia hesabu mapema. Bodi mbovu haina hesabu: unafungua sehemu moja unakuta tatu, ukifungua hizo tatu unakuta sakafu.

Umbo hili lilichorwa na Giorgetto Giugiaro akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu kwenye karakana ya Bertone, likatoka mwaka 1963 kwa jina la Giulia Sprint GT. Ni zuri ajabu, lakini bati lake ni la enzi ambayo kinga ya kutu ilikuwa ndogo sana, na bodi nzima ndiyo chesisi. Hakuna fremu chini inayobeba mzigo. Mahali pa hatari kubwa ni kizingiti, ile boriti ya bati inayopita chini ya mlango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kinachoonekana kwa nje ni ngozi tu. Ndani kuna bati la katikati, kisha la ndani, matabaka matatu, na katikati yake maji huingia na kukaa. Kwa hiyo kizingiti kinaweza kung'aa kwa nje huku tabaka la katikati limekwisha.

Miaka kadhaa iliyopita mteja alinituma nikamkagulie GTV nyeupe iliyotangazwa kuwa haijawahi kuguswa. Kwa macho ilikuwa bibi harusi. Nikatandika gazeti chini ya kizingiti cha kushoto, nikalala chali, nikachokoa kwa waya mwembamba kwenye kitundu cha kutolea maji. Waya ulipoingia, kutu ikamwagika gazetini kama majani makavu ya chai, ikaendelea kumwagika hata nilipokwisha kuuchomoa. Nikagonga kwa kifundo cha kidole kuanzia mbele kwenda nyuma. Mbele bati lilijibu kwa sauti kavu na kali, nilipofika chini ya kitasa cha mlango likajibu kama boksi lililolowa. Mwuzaji alikuwa amesimama pale pale, na nadhani hata yeye hakuwa akijua. Aliuziwa hivyo hivyo.

Fanya kama nilivyofanya mimi, na ongeza jambo moja. Tazama ukingo wa chini wa kizingiti, pale mabati yanapokutana. Kiwandani waliyashika kwa mashine ya kuchomelea nukta nukta, na utaona viduara vidogo vimejipanga kwa umbali unaokaribiana, kama alama za kidole kwenye unga. Ukiviona kushoto na kulia, bati hilo huenda kweli ni la kiwandani. Ukikuta ukingo laini usio na alama, au mshono mrefu wa kuchomelea, basi limebadilishwa. Kubadilishwa si dhambi, kama kazi ilifanywa vizuri. Ila hapo neno "halijaguswa" limekufa, na bei ishuke nalo.

Omba karakana yoyote ya jirani ilipandishe kwenye lifti kwa saa moja, uilipe saa hiyo bila kuionea uchungu. Pale juu angalia sehemu za kuwekea jeki, sakafu chini ya miguu ya dereva, kibati cha chini ya rejeta, na lile shimo la tairi la akiba ndani ya buti ambalo hupenda kutuamisha maji. Vua zulia ukiruhusiwa. Kagua pia fremu ya kioo cha mbele, hasa pembe zake za chini. Raba ikizeeka maji hupenya pale, yakatiririka yasipoonekana hadi kwenye sakafu.

Kuhusu rangi, azima au nunua kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani ya wakati ule huwa mikroni mia moja na kitu (mikroni elfu moja ni milimita moja). Ukipata 300 mahali, pamepigwa rangi mara ya pili. Mlango mmoja kupakwa upya katika miaka hamsini hakuniogopeshi. Ukisoma zaidi ya 1,000, hapo chini kuna puti, ule ujazo wa kusawazishia bati, na puti imewekwa kuficha kitu. Pima sana sehemu za chini za mabawa ya mbele, nyuma kidogo ya gurudumu, na matao ya magurudumu ya nyuma. Kisha linganisha rangi ya nje na ile iliyo kwenye kingo za mlango na ndani ya buti. Giallo Ocra iliyopigwa na jua huwa imefifia kidogo juu ya boneti, na kama boneti inang'aa kuliko ndani ya mlango, muulize kwa upole ni lini ilipakwa.

Naomba pia usije ukalipaka upya baada ya kununua. Waitaliano wanatofautisha gari lililofufuliwa na lile wanaloliita conservato, lililohifadhiwa na wakati wake. Gari lenye rangi yake ya kwanza, vitambaa vyake vya kwanza na mikwaruzo ya mzee yule likifufuliwa, ule uhalisia haurudi, hata ukilipa fundi gani. Nimeshuhudia watu wakiuondoa kwa msasa katika wiki moja, na mpaka leo huwa naumia nikikumbuka.

Karatasi na namba. Kwenye bodi, ukutani mwa chumba cha injini, namba ya chesisi iambatane na aina 105.21, ambayo ndiyo GTV ya lita mbili yenye usukani wa kushoto, na injini yenyewe iwe na mhuri wa aina 00512. Ukikuta 00548, hiyo ni injini ya 1750, modeli iliyoitangulia hii. Gari litatembea vizuri lakini si lile aliloondoka nalo mzee dukani. Kwa kutumia namba ya chesisi unaweza kuomba cheti cha asili kinachotokana na nyaraka za kiwanda cha Alfa Romeo, kikionyesha tarehe ya kutengenezwa na rangi ya mwanzo. Omba hicho kabla ya kutoa arubuni. Tazama na kibao cha namba: kikiwa bado ni kile cheusi cha zamani chenye herufi za mkoa wa kwanza, ni ushahidi mzuri, kwa sababu kabla ya 1994 gari likihamia mkoa mwingine lilipewa kibao kipya. Kama mzee aliishi Torino na kibao kinasema TO, hadithi ya binti yake ina mguu wa kusimamia.

Hizo kilometa 84,000 usizikatae wala usizimeze. Mita nyingi za enzi hiyo zina tarakimu tano tu za kilomita, zikifika mwisho zinaanza sifuri. Tafuta risiti za gereji na vikaratasi vya kubadili oili, na ukague raba za pedeli. Pedeli ya klachi iliyolika upande mmoja hadi chuma haijafanya 84,000 peke yake.

Hapo ndipo tunarudi kwenye injini. Kama bodi imepita, mwombe dada aruhusu fundi aiandae. Atoe plagi zote nne, atie kijiko cha oili safi kila silinda, azungushe injini kwa mkono, kisha kwa stata bila plagi mpaka mshale wa presha ya oili uinuke. Oili mpya, maji mapya, na petroli iletwe kwa galoni pembeni, isitoke kwenye tanki. Ikishapata moto vizuri, presha ikiwa kwenye bar 4 au 5 unapokanyaga mafuta, na bar 0.5 hadi 1 ikiwa mguu umetoka, hiyo ni injini yenye afya. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta oili nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mara nyingi ni viringi vidogo vya mpira kwenye njia za oili kati ya bloku na hedi vilivyochoka, na dawa yake ni gasketi mpya, lakini lazima hedi ishuke.

Halafu shika kabureta kwa mkono uisukume taratibu huku injini ikiwa imezimwa. Zile mbili zimeshikwa kwa vipande vya mpira vinavyozizuia zisitikisike, na mpira huo hupasuka chini, mahali jicho halifiki. Mimi huweka kioo kidogo cha kunyolea pale chini na tochi. Ufa ukiwepo hewa inaingia kwa wizi, injini inamisi, na mtu anakuuzia hadithi ya kabureta kufanyiwa setingi wakati kinachotakiwa ni kubadilisha mpira tu.

Gia ya pili ikigoma kidogo asubuhi wakati oili ya giaboksi ni baridi, ni kawaida ya Alfa hizi, ipe dakika kumi. Ikiendelea kulalamika baada ya moto, sinkro yake, ile pete inayolainisha gia iingie, imekwisha. Ihesabie kwenye bei, lakini isikukimbize.

Kuliendesha hadi Bologna, hapana, ndugu yangu. Ni zaidi ya kilometa mia tatu. Mipira ya breki ya miaka mingi huvimba kwa ndani: ukikanyaga presha inapita, ukiachia hairudi, na diski inaendelea kubanwa hadi inavuta moshi. Mafuta ya breki nayo yamefyonza unyevu, yakipata moto yanachemka na pedeli inazama hadi sakafuni. Tairi nazo, soma tarakimu nne zilizoandikwa ubavuni. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Hata kama zina meno kama mapya, zikiwa zimezidi miaka kumi usizipeleke barabara kuu. Lilete kwa gari la kubebea, ubadilishe mipira yote ya breki na ya petroli ndipo uliingize barabarani.

Mombasa sitakuficha. Kanuni ya kawaida ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa magari yaliyotumika inataka yasizidi miaka minane na usukani uwe wa kulia. Hili lina zaidi ya nusu karne na usukani wake ni wa kushoto. Linunue kama unalitaka Italia, ambako gari lililopita miaka 30 limesamehewa ile kodi kamili ya kila mwaka.

Kwa sasa nitumie picha mbili tu: ukingo wa chini wa kizingiti cha kushoto na cha kulia, zimepigwa kwa karibu, na tochi ikimulika kutoka ubavuni. Kama una video ya injini, baki nayo, nitaitazama baadaye.