Breki zilizama nikishuka Marangu, kesho yake zikawa nzima. Kulikoni?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Marangu, naishi Dar. Desemba tulipanda nyumbani kwa sikukuu kama kawaida. Siku ya kurudi nilikuwa naendesha Toyota Noah ya baba, otomatiki, ndani watu saba, juu ya keria mikungu ya ndizi. Nilishuka na D, mguu kwenye breki, na sikuzidi kilomita 50 kwa saa. Hatujafika Himo nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Kona mbili mbele, pedali ikazama mpaka chini kama nimekanyaga sponji. Nikalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo. Mama aliumia bega, wengine walipata michubuko tu. Gari likavutwa mpaka gereji, na kesho yake fundi alipokanyaga breki zilikuwa ngumu, nzima kabisa. Akasema gari halina tatizo, ni woga wangu. Baba naye anasema nilikimbiza. Je, pedi zilikuwa feki? Na je, ningeweka nyutro au ningezima gari, ingesaidia?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Mpe mama pole, na wewe pole.

Naamini kwamba breki zilikata, na naamini vilevile kwamba asubuhi zilikuwa nzima. Wala huyo fundi hakukosea alichokiona, alikosea alichokisema. Dalili zako zote zinaelekea mahali pamoja: oili ya breki ilichemka.

Unapokanyaga pedali, hausukumi pedi kwa mguu. Unasukuma oili iliyo ndani ya bomba, na oili ndiyo inayosukuma pistoni za kwenye kalipa, yaani chuma kinachoshika pedi, nazo zinabana pedi kwenye diski. Mpango huo unafanya kazi kwa sababu kimiminika hakibonyei. Oili ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu wako ulikuwa unaminya mvuke huku pedi zikiwa hazijaguswa. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika na pedali inakuwa ngumu tena, bila hata alama ya kuonyesha kilichotokea. Ndiyo maana ajali ya namna hii dereva huonekana mwongo mbele ya mkaguzi, mbele ya mafundi na mbele ya baba yake.

Joto lilitoka wapi, na wewe hukukimbia? Lilitoka mlimani. Lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kutoka vijiji vya chini yake hadi Himo bado ni mteremko wa mamia ya mita. Noah yako na watu saba na ndizi ni kama tani mbili. Kila mita 100 ambazo gari la uzito huo linashuka kwenda chini, nguvu inayotakiwa kuzuiwa inatosha kuchemsha karibu lita sita za maji ya bomba. Sehemu inaishia kwenye upepo na matairi. Inayobaki, kama injini haisaidii, yote inaingia kwenye diski na ngoma za breki. Kwa hiyo mwambie mzee, kwa heshima, kwamba kilomita 50 kwa saa huku mguu umelala kwenye breki mteremko mzima kunaweza kuchemsha oili kuliko dereva mwenye haraka anayekanyaga kwa nguvu kisha anaachia. Diski inahitaji muda wa kupigwa na upepo. Wewe hukuipa hata dakika.

Lakini joto peke yake si lote. Oili ya breki ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, polepole, kupitia mipira ya breki na tundu la kifuniko cha kopo lake. Kwa viwango vya DOT, yaani daraja la oili linaloandikwa kwenye kopo, oili ya DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishaingiwa na maji kama asilimia 3.7, kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 140. DOT 4 inaanzia 230 na inashuka hadi 155. Diski kwenye mteremko mrefu hupita nyuzi 300 bila shida, na joto hilo linatembea kupitia pedi na pistoni mpaka kwenye oili. Sasa fikiria gari linaloishi Dar kwenye unyevu wa pwani, oili yake pengine ni ileile tangu liliposhushwa bandarini. Dar ni tambarare. Foleni ya Ubungo haitakuonyesha kamwe kwamba oili imechoka. Mwaka mzima unasifu breki zako, kisha Desemba unaleta gari lilelile, limejaa, kwenye mlima wa wazee wako. Kila mwisho wa mwaka magari ya pwani yananijia hapa Moshi na kisa hikihiki, tofauti ni barabara tu: Kibosho, Machame, Mwika, Rombo.

Kuhusu pedi feki, siwezi kuzitetea wala kuzihukumu bila kuziona. Ila pedi zikiungua, pedali haizami. Inabaki ngumu juu, unakanyaga kwa mguu wote na gari linaendelea kwenda. Ukizitoa utakuta uso wake unang'aa au kingo zimemeguka, na diski imepata rangi ya bluu. Mwambie fundi azitoe azitazame hata hivyo, maana harufu uliyosikia ilikuwa yake, na pedi mbaya zipo nyingi mjini. Pedali iliyozama, lakini, ni habari ya oili.

Kuna mambo mawili yanayofanana na hilo ambayo ni lazima yaondolewe kwanza. Washa injini, kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida na ushikilie kwa dakika nzima. Pedali ikishuka taratibu chini ya mguu wako, na hakuna oili inayovuja nje, raba za ndani ya masta silinda, pampu ya oili inayosukumwa na pedali, zimekwisha. Pili, tembeza gari kilomita chache bila kukanyaga sana breki, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiguse. Gurudumu moja likiwa na moto kuliko mengine, kalipa yake imegoma kurudi, na hiyo peke yake inatosha kuchemsha oili ya upande ule.

Baada ya hapo badilisha oili yote. Kujazia hakutoshi. Kila kalipa ifunguliwe, oili ya zamani itoke mpaka ije safi, upepo utolewe. Mimi nashauri kila miaka miwili, na kwa gari linalopanda mlimani tumia DOT 4. Inaruhusiwa kuchukua nafasi ya DOT 3. DOT 5 iache, ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo. Nunua kopo lililofungwa na lifunguliwe mbele yako. Ile chupa iliyofunguliwa ambayo imekaa kwenye rafu ya duka miezi, unapimiwa kidogokidogo, imeshakunywa maji kabla haijaingia kwenye gari lako. Na yule anayejazia maji ya sabuni "mpaka ufike" usimkaribishe hata kwenye boneti. Maji yanachemka kwa nyuzi 100.

Kushuka kwenyewe: ingia gia nzito, yaani ya namba ndogo, ukiwa bado juu, kabla mteremko haujakushika. Kwenye otomatiki bonyeza kitufe cha O/D (ovadraivu, gia nyepesi ya juu) izime, kisha shusha kwenda 2, na penye mwinamo mkali L. Magari mengine yameandikwa S au B. Injini italia, mzunguko utapanda kwenye elfu tatu au zaidi, abiria watakuuliza gari lina nini. Haliumii. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa uhakika mpaka upungue, halafu achia kabisa. Wazee wa malori walikuwa wanasema gia uliyopandia ndiyo uishukie. Kwa injini za siku hizi zenye nguvu mimi naongeza, ishukie iliyo nzito kuliko hiyo. Ukisikia harufu, simama penye uwazi, weka P na jiwe kwenye tairi, ngoja nusu saa. Usimwagie diski maji, zitapinda au kupasuka. Na ukiondoka, ondoa jiwe barabarani, tafadhali. Sijui ni nani aliwafundisha madereva wetu kuyaacha pale.

Pedali ikizama tena, Mungu aepushe, pampu haraka haraka. Mvuke ukibanwa mara nyingi unaweza kukurudishia breki kidogo. Ulivyochagua ukingo wa udongo badala ya korongo ulifanya vizuri. Kabla ya ukingo kuna hendibreki: ni ya waya, haitegemei oili. Ivute kidogokidogo huku umebonyeza kitufe chake ili uweze kuilegeza, la sivyo matairi ya nyuma yatajifunga na gari litageuka. Honi isikike na taa za tahadhari ziwake muda wote. Februari 2024 pale Kibaoni, Ngaramtoni, lori lililoelezwa kukatika breki liligonga magari mengine na watu 25 wakafariki. Walio mbele yako hawana namna ya kujua kwamba huna breki.

Nyutro ingekumaliza. Inalitenga gari na injini, na injini ndiyo breki kubwa iliyokuwa imebaki. Wanaoshuka nyutro ili kuokoa mafuta hata hayo hawayapati: injini za sindano, zisizo na kabureta, hukata mafuta zenyewe ukiwa ndani ya gia na umeachia akselereta, lakini kwenye nyutro zinaendelea kunywa. Kuzima nako ni kubaya. Busta ya breki, inayouongezea mguu wako nguvu, inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili tatu, baada ya hapo pedali inakuwa jiwe. Usukani unakuwa mzito, na mtu aliyepagawa akichomoa ufunguo unajifunga kabisa. Acha injini iwake, iwe ndani ya gia, mpaka gari lisimame.