Silikoni haizibi ngozi, ila ina mpangilio wake

Kusi lilipoanza kuvuma hapa Mtwara mwaka jana, ngozi yangu ilipauka hadi mashavu yakawa yananiwasha. Nikanunua losheni mpya na krimu ya jua. Asubuhi moja nilijipaka zote mbili harakaharaka, nikapanda bajaji kutoka Shangani kwenda Mikindani kwa wifi yangu. Nilipojifuta shingo kwa leso vikatoka vijinyuzi vyeupe, kama mabaki ya raba ya kufutia penseli. Wifi alidhani ni nongo. Iliniuma, maana nilikuwa nimetoka kuoga.

Kumbe ilikuwa silikoni, kiungo cha kulainisha kinachotiwa kwenye vipodozi. Tukasoma makopo pamoja: majina yanayoishia na -cone au -siloxane ndiyo hayo. Losheni yangu ilijaa daimethikoni (dimethicone), mojawapo ya silikoni hizo, nami niliipachika krimu nyingine juu yake kabla haijatulia.

Wengi husema silikoni inaziba vinyweleo na kuleta chunusi. Mimi siamini hivyo tena. Daimethikoni ina molekuli kubwa, haipenyi ndani. Inakaa juu ya ngozi kama kawa juu ya wali. Inapunguza unyevu kupotea, lakini mvuke bado unapita. Ila ukifunika sahani tupu, ukifunua utakuta sahani tupu. Hapo ndipo nilipokosea: nilikuwa nafunika ngozi kavu.

Sasa nikitoka kuoga sijikaushi kabisa. Napaka gliserini kidogo ngozi ikiwa bado na majimaji, nasubiri dakika chache, ndipo naleta losheni yenye silikoni, tena kiasi cha punje ya korosho kwa uso mzima. Nasubiri tena. Krimu ya jua inakuja mwisho, nami naibonyezabonyeza kwa viganja bila kusugua.

Siklopentasiloksani (cyclopentasiloxane), silikoni nyingine, ile inayofanya krimu iteleze kama hariri, huyeyuka hewani baada ya muda. Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo cha asilimia 0.1 kwenye bidhaa za kuosha na kusuuza tangu 2020, kwa ajili ya mazingira. Kwa ngozi zetu, ndugu zangu, cha kuogopa ni zebaki na haidrokwinoni za krimu za kujichubua. Hizo zimepigwa marufuku nchini na bado zinauzwa kwa kificho.

Usiku usitegemee maji matupu, maana silikoni haiyeyuki kwenye maji. Tumia sabuni laini, na kama ulipaka krimu ya jua, osha mara mbili, hasa pembeni mwa pua na chini ya masikio.