Hekalu la Jenerali Yue Fei: pa kuanzia na pa kuchunga

SWALI: Nakwenda Yiwu kufuata mzigo, na nitabaki na siku moja ya mapumziko. Nimesikia Hangzhou kuna hekalu la shujaa ambamo wasaliti wamepigishwa magoti. Nifikeje, na nichunge nini? – Mfanyabiashara, Kariakoo

JIBU: Ndugu yetu, hilo ni Hekalu la Yue Fei, kando ya Ziwa Magharibi, na siku moja inakutosha. Treni ya kasi kutoka Yiwu kwa kawaida haimalizi saa nzima. Beba pasipoti yenyewe, si nakala, maana tiketi huandikishwa kwa namba yake. Hangzhou ina stesheni kadhaa na wageni hukosea hapo. Ukishukia ya Mashariki (Hangzhou Dong), panda metro laini ya 1 hadi Longxiangqiao, kisha fuata ukingo wa ziwa na Barabara ya Beishan kwa miguu, kama kilometa 3. Ukichukua teksi, mwonyeshe dereva maandishi haya: 岳王庙.

Ukiingia, usikimbilie sanamu za chuma za hao wasaliti. Bila kisa chake utaona vyuma tu. Yue Fei, jenerali wa dola ya Song ya China, alipigana na majeshi ya dola ya Jin yaliyoteka kaskazini mwa China. Waziri mkuu wa Song, Qin Hui, aliyetaka suluhu na Jin, alimbambikia kesi ya uhaini, na Januari 1142 jenerali akauawa. Mwaka 1162 mfalme mpya alimrudishia heshima yake. Hekalu likajengwa 1221.

Kwa hiyo anza na ukumbi mkuu. Sanamu ya Yue Fei imeketi humo na deraya yake, na juu yake kibao kinasema: “Turudishieni mito na milima yetu.” Kisha shika upande wa magharibi hadi makaburini, alikolazwa pamoja na mwanawe, Yue Yun. Hapo ndipo walipo wale wanne wa chuma, mikono imefungwa nyuma, nyuso zikielekea kaburi: Qin Hui, mkewe Wang, na washirika wake katika hila hiyo, Moqi Xie na Zhang Jun. Kwa karne nyingi watu waliwatemea mate na kuwapiga hadi sanamu zikalazimika kuundwa upya. Leo zina uzio na kutema mate ni marufuku, hata ukiona mwenyeji anajaribu. Piga picha, lakini kumbuka uko mbele ya kaburi. Kaburi lenyewe lilibomolewa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni (enzi za Mao, 1966 hadi 1976) na kutengenezwa upya 1979, hivyo usidhani kila jiwe ni la kale.

Epuka tarehe 1 hadi 7 Oktoba. Ni likizo ya taifa, na kandokando ya ziwa hata pa kukanyaga hapapatikani.