Usukani wa kaboni unazunguka kwenye stemu

Usiendelee kukaza, kaka. Umesema kila ukipiga shimo usukani wa baiskeli yako unashuka kwenye stemu (kile kipande kinachoushika), nawe unaongeza nguvu. Kaboni haibonyei kama alumini, inapasuka, na mara nyingi ufa unaanza pale pale stemu inapobana.

Dawa yake ni pesti ya kaboni. Ina chembechembe ndogo kama mchanga laini, zinazoongeza msuguano ili usukani ushikwe bila kukazwa mno. Fungua kifuniko cha mbele cha stemu, futa usukani na stemu pale zinapogusana kwa spiriti mpaka mafuta yaishe, kisha paka tabaka jembamba. Grisi usiiguse kabisa hapo, hata fundi wako akikuambia inazuia kutu. Kaboni haipati kutu!

Boliti zikaze kwa mshazari, kidogo kidogo, mwanya wa juu ulingane na wa chini (isipokuwa stemu chache ambazo upande mmoja hufungwa kwanza hadi mwisho, soma maelekezo yake). Tumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Stemu nyingi zimeandikwa 5 Nm (kipimo cha nguvu hiyo). Kama usukani umeandikwa kiwango kidogo zaidi, fuata hicho kidogo.

Ila kabla ya yote pima unene. Usukani wa 31.8 mm ndani ya stemu ya 35 mm hautashika hata upake nini. Na ukiwa umefungua, angalia mahali palipobanwa: ukiona ufa au nyuzi zimeinuka, usiupande tena huo.