Mikono hunitetemeka na magoti hulegea: je, sukari imeshuka?

SWALI: Daktari, naomba unisaidie. Nina umri wa miaka 38 na sina ugonjwa wowote ninaoujua. Kwa miezi minne sasa, karibu kila siku kabla ya adhuhuri, mikono hunitetemeka, jasho hunitoka, moyo hunienda mbio na magoti hulegea kana kwamba nitaanguka. Wenzangu kazini husema sukari imeshuka. Hunipa soda, na baada ya robo saa huwa nimetulia. Asubuhi sili, ila hunywa vikombe viwili vya kahawa. Siku hizi hata kupanda ngazi za ghorofa moja hunichosha, na hedhi yangu imekuwa nzito. Nilipimwa sukari asubuhi kabla ya kula, nikaambiwa ni ya kawaida. Mbona basi nateseka?

JIBU: Dada yangu, barua yako imefunga malalamiko mawili katika furushi moja, na nadhani ndiyo sababu hujapata jibu. Kutetemeka kwako huja na kuondoka. Kuchoka kwako kwenye ngazi hakuondoki. Tuyatenganishe.

Nianze na mtetemeko. Mikono ya kila binadamu hutetemeka kidogo wakati wote, ila kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Kinachokuza mtetemeko huo hadi ukaonekana mara nyingi ni adrenalini, homoni inayomwagwa na tezi zilizo juu ya figo mwili unapohisi hatari. Adrenalini huharakisha moyo, hutoa jasho na kuitayarisha misuli kukimbia au kupigana. Usipokimbia wala kupigana, misuli hiyo hubaki ikitetemeka na magoti yakakosa uthabiti. Sasa, mwili humwaga adrenalini sukari inapopungua kwenye damu, lakini huimwaga vilevile kwa hofu, kwa usingizi mchache na kwa kafeini nyingi, na mtu hana njia ya kutofautisha sababu hizo kwa hisia peke yake. Kwa hiyo wenzako wanaweza kuwa wamesema kweli, na wanaweza kuwa wamebahatisha.

Soda nayo si ushahidi. Wimbi la adrenalini hupoa lenyewe, mara nyingi ndani ya dakika 5 hadi 20, hasa mtu anapoketi na kuhudumiwa na watu wanaomjali. Ungepewa maji matupu huenda ungetulia vilevile. (Na kama soda yenyewe ina kafeini, hapo tunazima moto kwa kuni.) Mwaka 1938 daktari mpasuaji wa Marekani, Allen Whipple, aliweka masharti matatu ambayo bado tunayatumia: dalili ziwepo, sukari ipimwe wakati huohuo ionekane iko chini, na dalili ziondoke sukari inapopanda. Kipimo chako cha asubuhi kilichukuliwa ukiwa huna dalili, kwa hiyo hakituambii chochote kuhusu hali yako ya saa tano. Azima mashine ndogo ya kupimia sukari kidoleni, ujipime mara mtetemeko unapoanza, kabla hujagusa soda, na uandike namba na saa. Kwa mtu asiye na kisukari wala dawa zake, huwa hatuanzi kushuku tatizo la sukari mpaka kipimo kiwe karibu na 3.0 au chini yake, kwa vipimo vya milimoli kwa lita, na jambo hilo si la kawaida. Ukipata 4.5 huku mikono ikitetemeka, sukari imeondolewa lawama.

Mimi, kwa maelezo yako, naitilia shaka kahawa ile inayoingia kwenye tumbo tupu. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua hadi nusu mwilini, hivyo vikombe viwili vya alfajiri bado vina nguvu yake unapofika katikati ya asubuhi. Kwa wiki mbili, kula kitu kabla ya kutoka nyumbani na upunguze kahawa polepole, kwani ukiiacha ghafla utaumwa kichwa. Mtetemeko ukianza, keti, weka nyayo zote mbili sakafuni, na upumue kwa namna ambayo kutoa pumzi kunachukua muda mrefu kuliko kuivuta. Anayehema upesi kwa hofu hupoteza kabonidayoksaidi nyingi, ndipo midomo na vidole hufa ganzi na hofu ikazidi. Iwapo mtetemeko utaendelea, nawe unapungua uzito ingawa unakula vizuri, na huvumilii joto, omba upimwe tezi ya thairoidi iliyopo shingoni.

Uchovu wa ngazi ni habari nyingine, nao hautaponywa na pumzi wala na kifungua kinywa. Hedhi nzito huondoa madini ya chuma kwa ukimya, na himoglobini (sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ambayo hutengenezwa kwa madini hayo) iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa upungufu wa damu. Kipimo hicho ni rahisi. Kifanye wiki hii, na usijinunulie vidonge vya kuongeza damu kabla hakijafanywa, kwa kuwa chanzo cha hedhi hiyo nacho kinahitaji kuchunguzwa.

Huo ni uchovu, si kupooza. Mtu aliyechoka huweza kuinuka kitini bila kujishika, japo kwa kusitasita. Asiyeweza kabisa, au ambaye mkono mmoja unaanguka, uso unapinda upande mmoja, maneno yanamtoka vibaya, au udhaifu unapanda kutoka miguuni siku hadi siku, huyo asisubiri safu ya gazeti. Apelekwe hospitali mara moja.

SWALI: Daktari, baba yangu ana miaka 71, anachoma insulini na anameza propranolol kwa ajili ya moyo. Hajawahi kutetemeka hata siku moja, ndiyo maana hatukuwahi kuhofia sukari. Juzi jioni tulimkuta ametota jasho na akizungumza yasiyoeleweka.

JIBU: Kutotetemeka kwa mzee ndiko kunakonitia hofu. Propranolol huzuia kazi ya adrenalini, hivyo huficha mtetemeko na mapigo ya moyo ambayo yangewaonya. Jasho kwa kawaida halifichiki. Mkimwona tena hivyo, mpimeni papo hapo, na kama mashine haipo, mhesabuni kuwa sukari imeshuka. Kipimo kikiwa chini ya 3.9 na anameza vizuri, mpeni gramu 15 za sukari, yaani takriban vijiko vinne vya chai vilivyokorogwa katika maji, mngoje dakika 15, mpime tena, na mrudie ikiwa bado iko chini. Ikipanda, apate mlo. Akiwa hamezi au hajitambui, msimtie kitu kinywani, bali mkimbizeni hospitali. Asiache propranolol ghafla, maana moyo unaweza kudhurika. Dawa zake zote zifikishwe mezani kwa daktari wake wiki hii, pamoja na maelezo ya jioni ile.