Jibu kwa dada wa Nakuru: lengo la vitabu 50 na kukwama kwenye upelelezi

Dada, umesema ulijiwekea vitabu 50 mwaka huu, Aprili imeisha una 6, vyote vya upelelezi, na riwaya nene ya kihistoria imekushinda ukurasa wa 90. Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo ulipojifunga.

Vitabu 50 vya kurasa 200 ni kurasa 10,000. Ukisoma siku 5 kwa wiki, kila siku ya kusoma inakudai kurasa 38 na ushee. Sasa jipime: chukua riwaya ya kawaida, tega simu dakika 15, soma bila kujikimbiza, hesabu kurasa, zidisha kwa 4. Ukipata 30 kwa saa, lengo lako linataka zaidi ya saa moja na robo kila siku. Anayefunga duka usiku kisha apike atazitoa wapi?

Kuanzia Mei hadi Desemba kuna wiki 35. Nusu saa kwa siku, siku 5, ni kurasa 15 kwa siku. Jumla 2,625, yaani vitabu 13. Andika 12, hicho kingine kiwe akiba ya siku ambazo stima itapotea au wageni watajaa nyumbani. Lakini kwenye daftari usiweke tiki ya kitabu kilichoisha, weka tiki ya nusu saa iliyosomwa. Anayehesabu vitabu huishia kuvikwepa vinene na kuokota vyembamba ili namba ipande.

Katika hivyo 12, upelelezi upewe 5. Usijinyime, ndio unaokurudisha kwenye kiti. Vilivyobaki: riwaya mbili za kihistoria, na kimoja kimoja cha hadithi fupi, tamthilia, tawasifu, ushairi na sayansi.

Kuhama aina kunataka daraja. Kama umezoea kesi za mpelelezi Bwana Msa katika riwaya za Muhammed Said Abdulla, ambazo zilianza na *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), usirukie riwaya ya kihistoria ya nchi usiyoijua. Baki Unguja: *Kuli* ya Shafi Adam Shafi (1979) inakupeleka kwa wapagazi wa bandarini na mgomo wao wa 1948. Mahali unapajua tayari, kigeni ni aina tu. Ndiyo maana riwaya yako nene imekushinda. Aina ni mpya, mahali ni papya, majina ni mapya, vyote kwa mpigo. Kwa kitabu kama hicho andika majina ya wahusika na ukoo wao ndani ya jalada kwa penseli katika kurasa 40 za mwanzo.

Kila aina ina mwendo wake. Upelelezi uachie katikati ya sura, kwa sababu mwisho wa sura umetegwa makusudi ili usilale. Hadithi fupi ni moja kwa usiku mmoja. Ukiunganisha tatu, wahusika wanachanganyika na kesho hukumbuki hata moja. Kwa huku kwetu mwandishi wa kuanza naye ni Grace Ogot wa Asembo, ingawa mkusanyo wake wa 1968 ni wa Kiingereza. Tamthilia imalize kwa vikao viwili, kwa sauti, na usiruke maelezo ya jukwaani. Ushairi usipimwe kwa kurasa kabisa: mashairi matatu yanatosha, yasomwe kwa sauti, kwa kuwa mizani (silabi) 16 za mshororo wa tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, 8 kwa 8, husikika kabla hazijaonekana. Tawasifu ruhusa kuruka sura ya utotoni.

Wengi wetu mara ya mwisho kusoma riwaya ilikuwa setibuku, na tabia ya kusaka dhamira na mbinu za lugha haijatutoka. Ukijikuta unapigia mistari sentensi za kujibia mtihani, weka kalamu chini.

Kuacha kitabu si dhambi. Kipe kurasa 50, au robo kama ni chembamba. Kikikataa, andika neno moja la sababu: kizito, kichovu, maandishi madogo. Sababu ikijirudia mara tatu utajua la kuepuka. Hilo la maandishi madogo huonekana dogo, lakini linaua usomaji wa usiku kuliko hadithi mbaya.

Ukisafiri kwenda Kisumu, usitegemee kusoma ndani ya matatu. Kona za Kericho na macho kwenye karatasi huleta kichefuchefu. Soma stejini gari likingoja kujaa.

Kwa gharama, anza na maktaba ya umma, Nakuru ipo na Kisumu ipo. Ukinunua mtumba barabarani, fuata namba za kurasa katikati ya kitabu kabla ya kutoa pesa. Vitabu vingi huunganishwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, na fungu likidondoka unaruka kutoka 96 hadi 113 bila onyo. Fungua mgongo polepole: gundi iliyokaushwa na jua hulia kama karanga, na kitabu hicho kitaachia kurasa mikononi mwako. Kisumu kwenye joto na unyevu wa ziwa angalia pia madoa ya kuvu, na ukikinunua hivyo hivyo, usikipange karibu na vingine.