Anza na shimizi, upanga baadaye

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mgeni anayekwenda tamasha la Renaissance huko Marekani kwa mara ya kwanza avae nini bila kumaliza mshahara?" Hizo ni sherehe za uwanjani ambako watu huvaa kama Wazungu wa karne ya 16 hivi.

Fedha ziende kwenye shimizi na viatu. Wengi hufanya kinyume: hununua gauni la mahameli ya poliesta, na ikifika saa saba mchana wanaiva ndani yake. Tamasha la Texas, pale Todd Mission, hufanyika Oktoba na Novemba, na Oktoba ya huko bado ina siku za nyuzijoto 30 na zaidi. La Minnesota, Shakopee, huanza Agosti. Ni kutwa nzima ya kutembea kwenye vumbi, au tope mvua ikinyesha.

Shimizi hunyonya jasho na kuzilinda nguo za juu ambazo hazifuliki ovyo. Mkato wake hautamshangaza fundi wa kanzu: kiwiliwili cha mstatili, taharizi (vipande vya kupanulia) ubavuni, mikono mipana, vikwapa (vipande vya kushonea chini ya kwapa). Mita 3 za kitani au pamba yenye upana wa sentimita 150 humtosha mtu wa wastani. Kitambaa kifuliwe kwa maji ya moto kabla ya kuguswa na mkasi, maana kitani hunywea. Kikwapa kiwe mraba wa sentimita 12 hivi. Fundi akikiruka, kila ukiinua mkono shimizi yote itapanda nao, na mshono wa kwapani ndio utakaoachia kwanza. Asiye na uhakika ajaribie kwanza kwa marekani, kitambaa kilichopewa jina la huko huko kwa kuwa wafanyabiashara wa Kimarekani walikileta Zanzibar karne ya 19.

Juu ya shimizi wanawake huvaa kizibao cha kubana kwa kamba. Kikatwe kidogo kuliko kifua, kibaki pengo la sentimita 5 kamba ikishakazwa; kikikutana kabisa siku ya kwanza, jioni kitakuwa kimelegea na hakuna pa kukazia. Matundu ya kamba yaachane sentimita 3 na yazungushiwe uzi kwa mkono, kama vitobo vya kofia ya viua. Tumia msumari mnene unaosukuma nyuzi pembeni. Ukikata kwa mkasi, tundu litachanika. Badala ya mifupa ya chuma, yaani fito za kukisimamisha kizibao, vile vibano vipana vya plastiki vya kufungia nyaya vinafaa sana, mradi ncha zake zisuguliwe ziwe mviringo. Vinginevyo vitatoboa kitambaa, kisha ubavu.

Upindo wa sketi uishie sentimita 5 hadi 8 juu ya ardhi. Sketi inayoburura ni nzuri pichani tu: hunywa tope, huwa nzito, na ukipanda ngazi unaikanyaga. Wanaume wana kazi nyepesi: shati pana, suruali inayoishia chini ya goti, soksi ndefu, mkanda na mfuko wa ngozi wa kutilia simu.

Joho na kilemba? Vaa bila wasiwasi. John Blanke, mpiga tarumbeta Mweusi wa Henry VIII, mfalme wa Uingereza, amechorwa mwaka 1511 akiwa juu ya farasi na kilemba kichwani. Mwaka 1600 balozi wa Morocco alipokelewa Uingereza na Malkia Elizabeth I, na picha yake ipo hadi leo.

Viatu viwe vya ngozi, ulivyokwisha kuvizoea. Vipya vitakutoa malengelenge kabla ya adhuhuri. Upanga, matamasha mengi huuruhusu ukiwa ndani ya ala, nao hufungwa kamba langoni usichomoke, lakini soma masharti ya tamasha lako kwanza. Na ile sketi yenye pete ndani iache nyumbani safari ya kwanza: vyoo vya kuhamishika ni vyembamba.